Mafuta ya Katani

Kila Julai, kibaridi cha Dar kikianza, mama mkwe hutoka chumbani kwake akishika ukuta wa korido, na nyumba nzima hapa Mchikichini, sisi na wapangaji wa vyumba vinne, tunajua kwamba magoti yameamka. Safari hii shemeji yangu, kitinda mimba wake, anayeuza suruali za mitumba pale Karume, alichoka kusikia "jamani miguu yangu". Akaenda Kariakoo, akarudi na kichupa kisichozidi kidole gumba.

"Shilingi ngapi?" nikamuuliza.

"Shemeji, afya haina bei."

Bei ilikuwepo: elfu sitini kwa mililita 30. Nilipiga hesabu kwenye simu, nikapata elfu mbili kwa kila mililita. Lebo ilikuwa ya Kiingereza, ikasindikizwa na kikaratasi cha Kiswahili: asilia kwa asilimia mia, ya kilimo hai, ina CBD halisi, hutibu magoti, mgongo, presha, kisukari, kukosa usingizi, na lile jambo la wanaume ambalo shemeji alilisoma harakaharaka. Katikati ya lebo palichorwa jani la kijani lenye vidole saba.

"Mafuta ya nini haya?" Mama akauliza.

Shemeji akajikuna kichwa. Muuzaji alimwambia ni ya mbegu za hempu, na hempu kwa Kiswahili ni katani. Katika hilo muuzaji alikuwa na pa kujishikiza, kwani kamusi za zamani huuita uzi wa hempu na uzi wa mkonge kwa jina hilo hilo. Bahati mbaya Mama ni mzaliwa wa Muheza, na baba yake alikuwa manamba.

"Mimi nimekulia kwenye mkonge," akasema. "Una mwiba, una uzi, una maji yanayowasha mpaka utamani kujichuna ngozi. Mafuta yanatoka wapi?"

"Mama, hii ni ya Ulaya."

"Mwaka 2011 nilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu kwa shilingi mia tano. Yule mchungaji alitutajia mti wake, mugariga. Wewe wa elfu sitini hujui hata umenunua mti gani."

Lakini kanunua mwanawe. Akapandisha kanga, akanyoosha mguu.

Jumamosi mjumbe wa shina alipita kukumbushia hela ya taka, akalalamikia mgongo. Shemeji hakungoja kuombwa. Alimvua shati pale uani, akamsugua. Mjumbe akafumba macho: "Aah, hii inaingia ndani kabisa." Ndipo akaingia binti yangu, anayesomea famasia Muhimbili mwaka wa pili, na begi lake la nguo chafu. Akakishika kichupa, akakigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, yale madogo kama mayai ya chawa.

"Mama, mbona hapa wameandika *Cannabis sativa*?"

"Ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Bangi."

Mjumbe alifumbua macho. Mwezi uliopita ni yeye aliyetuhutubia kuhusu vijana wanaovuta kule bondeni Msimbazi. Alivaa shati juu ya mafuta, likamganda mgongoni. Akasema hajaona kitu, hajapakwa kitu, akapotelea mlango wa nyuma.

Usiku hatukulala. Kichupa nilikizika kwenye ndoo ya mchele, nikakitoa. Nikakitia kwenye kiatu, nikakitoa. Shemeji alitaka kukimwaga karoni, lakini kila tukitoka uani tunamkuta mpangaji mmoja anapiga mswaki. Binti akatukalisha chini.

"Hempu na bangi ni mmea mmoja. Wamarekani mwaka 2018 waliutenganisha kwa kipimo: ukiwa na kilevi, yaani THC, kisichozidi asilimia 0.3, wanauita hempu. Kwetu ni bangi, na sheria ya 2015 inauharamisha."

"Lakini si ni dawa?" shemeji akajitetea.

"CBD, kemikali nyingine ya mmea huu, imo kwenye dawa moja, Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018. Ni ya kifafa cha aina adimu. Kifafa, ba'mdogo, siyo magoti. Halafu hapa wameandika mafuta ya mbegu. CBD hukaa kwenye maua na majani, mbegu haina kitu. Lebo inajikana yenyewe! Mwaka 2017 watafiti walipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa 26 tu, na 18 zilikutwa na THC. Na kilimo hai? Afrika Mashariki ina alama yake tangu 2007, Kilimohai. Nionyeshe ilipo hapa. Nionyeshe na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa."

Shemeji akatazama miguu yake.

Mimi nilibaki na hesabu yangu. Lebo ikiwa imesema kweli, tumeweka bangi ndani. Ikiwa imedanganya, tumeibiwa. Tangu nizaliwe, ndiyo mara ya kwanza kumwomba Mungu niwe nimeibiwa. Nikakificha kichupa chini ya beseni uani, nikalala.

Alfajiri niliamshwa na kicheko cha Mama. Alikuwa ameinua beseni anawie.

"Wasomi, njooni! Mafuta gani haya yanaganda Dar mwezi wa saba?"

Ndani ya kichupa mlikuwa mweupe pe. Binti akakigeuza juu chini, hakikudondosha tone. Mafuta ya mbegu za hempu, akasema, hayagandi kwa baridi kama hii. Ya nazi ndiyo huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24. Mama hakuhitaji nyuzi joto. Alikianika juani, kikayeyuka, akapaka nywele.

Shemeji alirudi Kariakoo kudai chake. Kwenye kile kijiduka alikuta wanauza makava ya simu.

Jioni mjumbe akaja, kwa mlango wa nyuma tena, akanong'ona: tangu jana mgongo umetulia, je, hakukubaki hata tone? Mama akampa habari njema, kwamba hana haja ya kuogopa polisi, ni mafuta ya nazi tu, achukue kichupa chote.

Mjumbe akakitazama kwa huzuni, akakirudisha.

"Ya nazi ninayo nyumbani," akasema, akaondoka ameshika kiuno.