Tovuti ya Kutazamwa

Hongera kwa tovuti mpya, bosi. Picha zinateleza, rangi zinameremeta, na video inaanza yenyewe, inamaliza bando la mteja kabla hajajua unauza nini. Bei? “Wasiliana nasi.” Namba ya simu? Haipo. Duka liko wapi? “Dar es Salaam”. Mteja akapige ramli. Usihofu, una wenzako wakubwa: Boo.com ya London ilifungua duka la nguo mtandaoni mwaka 1999 kwa mbwembwe zilizozishinda modemu za wakati ule, ikateketeza mamilioni ya dola na kufa Mei 2000. Wewe endelea kupamba. Jirani yako ana ukurasa mmoja tu: bei, simu, namba ya M-Pesa. Maskini, wateja hawampi hata nafasi ya kupumua.