Mazishi Ni ya Nani?

Huku kwetu, kuanzia Isebania hadi Kendu Bay, mtu mwenye akili timamu hasafiri ili kutazama. Anasafiri kwa sababu kuna mtu amekufa. Ijumaa mwili unatoka mochari, usiku tunakesha, Jumamosi tunazika, Jumapili tunarudi na chupa ya soda iliyobaki. Kwa utaratibu huo nimezimaliza kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay. Niulize njia ya Nyatike, Ndhiwa, Gwassi au Karachuonyo, nitakuelekeza kwa marehemu: ukifika pale tulipomzika yule mwalimu, kata kushoto.

Mpango huu mzuri umekuja kuvurugwa na shemeji yangu anayeishi Marekani.

Kabla ya kuja nyumbani likizo, shemeji alipitia Peru. Wenzake wakija hupitia dukani wakatununulia viatu; yeye alipitia Peru. Akaunganisha simu na televisheni yangu, akatuonyesha picha hadi chai ikapoa. Machu Picchu asubuhi. Machu Picchu mchana. Machu Picchu imefunikwa na ukungu, yaani haionekani, na bado tukaambiwa tuitazame. Picha niliyoipenda ni moja tu: ya llama aliyemtemea mate. Kule, akasema, huendi ovyo. Unanunua tiketi mapema, unapangiwa saa ya kuingia na njia ya kupita, na mwongozaji anakueleza jinsi Wainka walivyochonga mawe katika karne ya 15 yakashikana bila udongo wala chokaa. Watu zaidi ya milioni moja huenda kuyaona kila mwaka.

Mke wangu, ambaye ni damu moja naye, akasema, "Si hata sisi tuna kuta za mawe kule Nyatike?"

Mdomo huo ndio ulionitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri nikaingizwa kwenye matatu ya kukodi, yenye mwongozaji, ratiba iliyochapishwa, na mgawanyo wa gharama uliopangwa nikiwa bafuni.

Shangazi yangu hakualikwa. Alisikia gari linakwenda Nyatike, akajifunga leso, akaketi kiti cha mbele.

"Mazishi ni ya nani?" akauliza.

"Hakuna mazishi, shangazi. Tunakwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mawe."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu ambaye zamu yake ya kuzikwa imekaribia.

Binamu yangu naye alikuja na fulana ya bluu iliyokolea, yenye picha kubwa ya marehemu mmoja tuliyemzika mwaka jana, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa chini yake. Ndiyo nguo yake ya safari. Hana nyingine.

Thimlich Ohinga, ziliko kuta hizo, iko kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuhusu barabara sitasema kitu, kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo barabara ilikuwa mdomoni mwangu. Tulipofika, mwongozaji, kijana ambaye ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke, akaanza kunifundisha jinsi boma la Mjaluo linavyopangwa: lango hili, nyumba ya mke wa kwanza ile, wavulana karibu na lango. Mimi! Mwenye boma! Niliyewajengea wanangu nyumba zao karibu na lango kwa mikono yangu! Ukisikia mtu amelipa ili aambiwe nyumbani kwake kuna mlango, ni mimi.

Lakini kijana akaendelea, nami nikanyamaza kidogo. Kuta zile zilianza kujengwa yapata karne ya 16, hata kabla ya Wajaluo kukaa hapo. Waliofuata wakazirithi na kuzikarabati. Zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, na unene wa wastani wa mita moja. Mawe hayakuchongwa. Yaliokotwa yalivyo, yakapangwa upande wa nje na upande wa ndani, katikati yakajazwa madogo ya kushika pande mbili. Hakuna udongo, hakuna saruji. Na maboma ya mawe ya namna hiyo yako zaidi ya 500 katika eneo hili la ziwa. Nimepita kando ya mangapi nikiwahi jeneza?

"Wainka walichonga," shemeji akasema.

"Ndiyo," kijana akajibu. "Sisi hatukuchonga, na bado kuta zimesimama."

Nikaanza kumpenda.

Milango ya ohinga, yaani boma la mawe, ni mifupi makusudi, ili anayeingia kwa ubaya aingie ameinama, kisogo kikiwa mbele ya wenyeji. Adui wa karne ya 16 alikuwa mwembamba. Shemeji amekula Marekani miaka mingi. Tulimsukuma kidogo.

Machu Picchu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1983. Thimlich Ohinga iliingia 2018, miaka 35 baadaye, na siku hiyo tuliyokwenda hapakuwa na foleni, wala saa ya kuingia, wala njia ya kupangiwa. Tulikuwa sisi na mtunzaji. Shangazi akazungusha macho katika ule uwanja mtupu, akanong'ona, "Watu ni wachache sana. Huyu marehemu hakuwa na watoto?"

Tukashuka hadi bonde la Lambwe, kwenye Mbuga ya Taifa ya Ruma. Njiani kote shemeji alikuwa ametuchosha na "kwetu Marekani". Kwetu Marekani barabara zina mistari. Kwetu Marekani vyoo vya njiani vina karatasi. Langoni akaona kwamba mgeni wa nje hulipa kwa dola, tena nyingi, na mwananchi hulipa shilingi chache akionyesha kitambulisho. Ghafla mtu akawa wa Ndhiwa. Akataja baba, babu, ukoo na mto walioogea. Akampigia mkewe amtafutie picha ya kitambulisho cha zamani. Na kwa kuwa malango ya mbuga za serikali hayapokei pesa taslimu, unalipa kwa simu kupitia eCitizen, noti za shangazi zilizofungwa kwenye pindo la leso zikabaki zimefungwa. Shangazi hakusikitika hata kidogo.

Ruma ina kilomita 120 za mraba. Ilitengwa mwaka 1966 kama hifadhi ya bonde la Lambwe, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983, mwaka uleule Machu Picchu ilipopata cheo chake. Kilichoilinda kabla ya askari ni mbung'o. Wazee wetu walilikimbia bonde hili kwa sababu ya malale, wanyama wakaachiwa nyasi zao. Hadi leo kuna mitego ya vitambaa imetundikwa, na vitambaa hivyo ni vya bluu na vyeusi, kwa maana mbung'o hawawezi kuiona rangi ya bluu wakapita.

Mwongozaji alisema haya baada ya dirisha kufunguliwa.

Mbung'o wote wakamwendea binamu yangu. Hawakugusa mtu mwingine. Walimpita shemeji na mafuta yake ya dola mia moja, wakamtoboa marehemu kwenye paji la uso, kwenye mashavu, kwenye tarehe ya kuzaliwa. Binamu alipiga kelele hadi twiga wakageuka. Alikataa kuvua fulana kwa sababu chini hakuwa na kitu, na shangazi yumo garini.

"Simba wako wapi?" akauliza huku akijikuna.

"Hapa hatukujia simba," mwongozaji akasema.

"Basi tumelipia nini?"

Tulilipia taya, swala mdogo anayeruka nyasini halafu anatoweka. Tulilipia nyamera, kongoni, na twiga wa Rothschild. Faru wapo, ila siku hiyo hawakuwa na haja nasi. Na kisha, mbali, baada ya darubini kupita mikono yote na kunifikia ikiwa na mafuta ya mandazi, tulimwona korongo: paa mkubwa wa rangi ya udongo, masikio marefu, pembe zimepinda kwenda nyuma, uso mweusi uliopakwa meupe. Nilitaka kusema ni punda tu aliyejiremba. Kijana akaniwahi. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo 15 katika Kenya nzima, na makao yao ni hapa Ruma. Zamani walikuwako hata Mara. Hakuna mahali pengine nchini utakapomwona porini.

Gari likatulia. Shangazi akaomba darubini, akaishika kinyume, tukamgeuzia.

"Kumi na tano?"

"Ndiyo, mama."

"Hata watu wa kubeba jeneza na kuchimba kaburi hawatoshi," akasema. "Hawa ndio wanaokwenda kufa, na hakuna aliyetuita."

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nililalamikia joto.

Mbita tulikula samaki. Ngege mmoja alikuwa na bei mbili, ya kabla shemeji hajafungua mdomo na ya baadaye. Tukavuka daraja kuingia Rusinga, ambako mwongozaji akaeleza kwamba mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu lililopewa jina la Proconsul, la nyani wa kale aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita.

"Huyo naye alizikwa wapi?" shangazi akauliza, akipata matumaini.

"Hakuzikwa, mama. Alifukuliwa."

"Alifukuliwa! Na wenye boma wakaangalia?" Ilibidi tuondoke haraka.

Kwenye kaburi la Tom Mboya mambo yakambadilikia. Jengo limetengenezwa kwa umbo la risasi, maana aliuawa kwa risasi, Nairobi, tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kijana akaanza maelezo yake: waziri wa mipango, kiongozi wa wafanyakazi, ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani kuanzia 1959. Hakumaliza. Shangazi alikuwa ameshavua viatu, mikono kichwani, akapiga yowe lililowatoa watu majumbani. Yeye mwaka huo alikuwa msichana, anakumbuka redio ilivyotangaza na mama yake alivyokaa chini. Akamlilia Mboya kwa mpangilio, akamtaja kwa sifa zake, akawakemea waliomuua. Wageni wawili Wazungu waliokuwa hapo wakadhani imo katika ratiba na wakampa mwongozaji bahashishi. Shangazi akajifuta uso, akavaa viatu, akauliza chakula kinagawiwa wapi.

Mwisho tulilala Homa Bay, na kesho yake tukapitia Simbi Nyaima, ziwa la magadi lililo kwenye shimo la volkano karibu na Kendu Bay, ambako heroe huja kula. Hadithi yake unaijua: bibi kizee alifika kijijini usiku kwenye ngoma, akaomba makazi na chakula, wakamfukuza, mvua ikanyesha na kijiji kizima kikadidimia. Shemeji akasema jambo la maana kuliko yote aliyosema likizo nzima: kwamba kama ziwa hili lingekuwa Peru, tungelipa kuliona na kupanga foleni. Kisha akaniachia bili ya chakula cha mchana, kwa kuwa mwenyeji akimnyima mgeni tunajua kinachotokea.

Nimelalamika, na nina haki. Mgongo unauma, pesa imekwenda, na bado ninaitwa "mtalii" na jirani zangu. Lakini hukumu yangu ni hii: Migori na Homa Bay hazikosi cha kutazamwa, zinakosa watu wao wa kutazama. Mtu wa Lima anayajua mawe yake. Sisi yetu tunayapita tukiwa na haraka ya kuwahi kaburi, na korongo wetu wanajulikana zaidi na wageni wenye darubini kuliko na mtu wa Ndhiwa anayelala kando ya uzio.

Kwa hiyo, Jumamosi ijayo ukiwa na mazishi Nyatike au Lambwe, na mzozo wa sufuria ya nyama umeanza, waachie nyama. Pita Thimlich Ohinga. Ingia Ruma. Beba kitambulisho, weka pesa kwenye simu, na fulana ya marehemu iache garini.