Wimbo Mmoja, Gama Tatu

Kanisani kwetu, huku mtaani Mangobo, mpiga chombo hana jina la ubatizo. Mwenye gitaa la solo ni Yaya Solo, hata mama mkwe wake humwita hivyo. Mwenye besi ni Basi, mwenye batri, yaani ngoma, ni Bateri, na mwenye kinanda ni Maestro, jina alilojipa mwenyewe siku kinanda kilipofika. Mimi ni Ritmi. Kazi yangu ni kupiga akodi zilezile tangu maombi ya kufungua mpaka sadaka, na sijawahi kusikika katika wimbo wowote. Hilo hunipa nafasi nzuri ya kutazama wenzangu.

Vita vyetu huanzia kwenye gama, yaani ufunguo wa wimbo. Hatuna karatasi za noti. Mama anayeongoza sifa hufumba macho, huinua mkono, huanzisha wimbo pale Roho alipompa, na mara nyingi Roho humpa katikati ya mi na fa, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Hapo ndipo mbio zinapoanza: nani ataipata gama kwanza? Maestro hupiga kila kitu katika do, kisha hubonyeza kitufe kinachopandisha au kushusha sauti mpaka imkute Mama. Yaya Solo hukiita kitufe cha wavivu. Yeye hutafuta kwa vidole, akipanda shingo ya gitaa huku amekunja uso kama mtu anayetafuta funguo gizani. Maestro akitua kwenye mi, Yaya Solo lazima atue kwenye fa, maana kutua mahali pamoja na Maestro ni kukiri kwamba Maestro alitangulia. Basi hatui popote. Husubiri aone nani ana nguvu leo. Na Mama, kwa adabu zake, huhamia kwa yule ambaye bafle lake, yaani spika, liko karibu na sikio lake.

Baada ya gama ni sauti. Mmoja anazungusha kitufe cha ampli "kidogo tu". Mwenzake anajibu kidogo tu. Kufikia wimbo wa tatu, watoto wa Shule ya Jumapili wameziba masikio, na mzee wa kanisa anayelinda petroli ya jenereta anapunga mikono mlangoni, akihesabu lita zinazoteketea. Sisi tunadhani amepandwa na furaha, tunaongeza.

Ushindani wenyewe si mgeni katika muziki wa nchi hii ya Kongo. Franco na Docteur Nico walikuwa na shule mbili za gitaa, na mashabiki wao hawakuelewana. Lakini kila mmoja alikuwa na bendi yake, Franco OK Jazz, Nico African Jazz. Na Januari 1960, African Jazz ya Kabasele ilipokwenda Brussels wakati wa mkutano wa kujadili uhuru, Vicky Longomba na Brazzos wa OK Jazz walisafiri nayo, wakakaa jukwaa moja na wapinzani wao. Ilibidi Kongo nzima iwe inajadili uhuru ndipo watu wa bendi mbili wapige pamoja. Sisi tuna ibada ya muda wa saa nne tu, mtatuwezaje?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunafanya haya karibu na Yakusu, hapo mto unakoteremkia, kwa Walokele. John Carrington, mmisionari Mwingereza, aliishi kule akajifunza ngoma zao zinazosema, na kitabu chake kuhusu ngoma hizo kikatoka mwaka 1949. Lokole, ngoma hiyo ya gogo, ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yanafanana kwa sauti hizo, mpigaji hulifunga neno moja ndani ya sentensi ndefu ili msikilizaji asikosee. Ngoma ya namna hiyo inadai mtu atulie na kusikiliza mpaka mwisho. Gogo lenye sauti mbili liliita watu ibadani wakaelewa. Sisi na nyaya zetu zote, jirani wa ng'ambo ya barabara aliwahi kuuliza kama tunajenga.

Sasa nije kwenye Jumapili ya shukrani. Mhubiri mgeni alikuwa amevuka mto kutoka Lubunga, mzee mpole, akaomba wimbo mmoja wa taratibu kabla ya neno. Mama akaanza, taratibu kweli. Ubeti wa pili haujaisha, Yaya Solo akaingiza sebene ya kuchezesha watu. Maestro akamjibu kwa sauti za tarumbeta. Basi akachagua upande, halafu akahama. Mgeni alisimama na Biblia wazi, akaketi, akasimama tena, akaifunga. Nikaona sindano ya ampli inalala upande wa nyekundu, nikanyoosha mkono kuonya, Pasta akadhani naomba sauti zaidi, akanionyesha dole gumba. Jenereta ikakohoa, ikafa.

Ungedhani hapo amani imefika. Umemsahau Bateri. Batri haili petroli. Kwa miaka alikuwa amefunikwa na magitaa kama mimi, na sasa kanisa zima lilikuwa lake peke yake. Alipiga mpaka fimbo moja ikakatika, akaendelea na iliyobaki. Wazee walimwendea wawili wawili. Mgeni alihubiri kwa muda mfupi sana, akala lituma yake, ndizi za kupondwa, kwa Pasta, akavuka kurudi kwao kabla ya saa tisa.

Komite ya kanisa ikakaa. Hakuna aliyelaumiwa kwa jina. Ilisemwa tu kwamba "adui amepata mlango kwenye vyombo". Uamuzi: inunuliwe mikseri, na kijana mmoja, mtulivu, asiyepiga chombo chochote, awe ndiye mwenye sauti zote. Mikseri ikaja imefungwa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria.

Tangu hapo ibada zimepoa kweli, ila sasa vita vimehamia asubuhi. Yaya Solo humletea kijana mikate ya moto. Maestro humletea chai yenye maziwa. Basi humlipia pikipiki ya kurudi nyumbani. Mimi sikumletea kitu, na kitufe changu, nimeangalia, kiko kwenye sifuri. Juzi nilimkuta sokoni, kijana wetu mtulivu, kwenye kibanda cha vyombo. Alikuwa anauliza bei ya gitaa. La solo.