Bosi Yuko Minnesota, Mita Iko Buguruni

Buguruni kazi ni mahali unapokwenda. Unaamka alfajiri, unabanwa kwenye daladala pale Rozana mpaka shati linasahau kwamba lilipigwa pasi, jioni unarudi umenuna. Hapo mtaa mzima unakubali: huyu mtu anafanya kazi. Mimi siendi popote. Nimeajiriwa na kampuni ya Minnesota, Marekani, inayouza mablanketi ya umeme, nami nawajibu wateja ambao blanketi lao limegoma kupata moto. Mwezi wa pili, Dar inachemka nyuzi 32, taulo shingoni, namshauri bibi wa Duluth aliyezingirwa na theluji aongeze moto kidogo. Kisha najifuta jasho na kufungua barua pepe ya mwingine anayelia vidole vinaganda.

Saa ndiyo balaa lenyewe. Kipindi chao cha baridi tunawatangulia kwa saa tisa. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, huku ni saa kumi na mbili jioni, adhana ya magharibi inanukia na wauza chipsi wanachochea moto. Nafunga kazi saa nane usiku. Halafu Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, na Novemba wanazirudisha, jua lenyewe likiwa halina habari. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka namweleza upya muuza chapati kwa nini nimebadili muda wa kula.

Mtu anayelala hadi saa nne asubuhi, na usiku wa manane taa inawaka huku anaongea Kiingereza peke yake, hawezi kuachwa hivihivi. Mjumbe alikuja na heshima zake zote, akakaa, akakohoa, akasema, “Kijana, sisi ni wazazi wako. Kama kuna jambo, tuambie mapema.” Nikamweleza Minnesota. Wazee wa kahawa ndio pekee walionielewa, kwa sababu mmoja wao alikuwa na habari kwamba Wasomali wamejaa huko, na kwamba Ilhan Omar, aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi Kenya, alichaguliwa huko mwaka 2018 kuingia bungeni. “Kwa hiyo na wewe unafanyia Wasomali,” wakahitimisha, wakaendelea na Simba na Yanga.

Na kwa kuwa nipo nyumbani, nipo tu. “Baba, upo tu, niangalizie mtoto naenda sokoni mara moja.” “Kaka, upo tu, mkaa ukija upokee.” Siku ya kikao cha timu, kikao chenye kamera, ndiyo siku anayopita muuza dawa ya panya, mende na kunguni na spika yake ya kurekodiwa. Bosi aliuliza kama niko uwanja wa ndege. Nikaitikia, kwa sababu kumweleza kunguni ilikuwa kazi ndefu.

Lakini hayo yote nayavumilia. Kinachonitoa roho ni LUKU. Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Vyumba sita haviwezi kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, kile kiwango cha mtumiaji mdogo anayeuziwa uniti kwa bei ya chee, kwa hiyo tunanunua kwa bei ya wakubwa, nasi si wakubwa wa chochote. Umeme ukiisha, unaitishwa mkutano uani, na mkutano una ajenda moja: kompyuta yangu. Chumba cha kwanza kina friji linalogandisha barafu za ubuyu za kuuza mtaa mzima, linanguruma usiku kucha. Cha tatu yuko bwana anayepiga pasi suruali za watu kwa malipo. Nilijitahidi kuleta sayansi: kompyuta mpakato inakula wati 60 hivi, pasi inakula 1,000 na kuendelea. Mama mwenye nyumba alinisikiliza vizuri sana.

“Sawa mwanangu,” akasema, “lakini pasi hailipwi dola.”

Mchango wangu ukawa mara mbili ya wengine. Mwenye friji ndiye aliyeunga mkono hoja, huku akinipa barafu moja ya kunipoza.

Neno dola lilipoingia uani halikutoka tena. Mtaa huu hauamini kwamba nina kazi, ila kwamba nina dola unaamini bila kuulizwa. Mkataba wa chumba ulipokwisha, mama mwenye nyumba akaitaja kodi mpya kwa dola, kwa sauti ya mtu wa Masaki. Nikaruka. Nikamwambia kuna kanuni tangu Machi 2025, ni marufuku kutaja bei au kutoza huduma za humu nchini kwa fedha za kigeni. Akafikiri kidogo. “Basi utanipa shilingi,” akasema, “ila hesabu tutapiga kwa dola.”

Dola zenyewe nazo zina safari. Benki moja, sitaitaja, ilitaka barua ya mwajiri yenye muhuri. Nikamwandikia bosi. Akaniuliza muhuri ni kitu gani. Nikamweleza: kile kiduara cha wino wa bluu kinachothibitisha kwamba wewe ni wewe. Akasema wao huthibitisha kwa saini, na ya kompyuta tena, akanitumia barua yenye nembo ya kampuni, blanketi linatabasamu. Dada wa dirishani akaigeuzageuza. “Hii ni picha,” akasema. Kampuni inayouza bidhaa Marekani nzima, kwa dada yule, haina hadhi ya serikali ya mtaa, maana serikali ya mtaa muhuri inao. Jirani mpiga pasi akanishauri niende Kariakoo wakanichongee muhuri wa Minnesota. Nilikataa, ingawa aliniambia ningeupata siku hiyohiyo.

Bosi naye ana siku zake za kutoniamini. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipopata hitilafu kule upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazimika nchi nzima kama koroboi, nilipata kichochoro cha kutuma ujumbe mmoja: samahani, waya umekatika baharini. Hebu usome wewe ungekuwa bosi. Ilibidi aone habari mwenyewe ndipo akanijibu, “Pole.” Mama mwenye nyumba aliuliza kama bahari hiyo ni ya pale Feri, na kama fundi ameshaitwa.

Majuzi imekuja barua ya wote: kuanzia mwezi ujao, wafanyakazi warudi ofisini siku tatu kwa wiki. Nikajibu kwa adabu, nikiuliza ofisi ipi na nauli inatoka wapi. Bado wanatafakari. Nikiwa bado na barua mkononi nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba huenda nikatakiwa ofisini.

“Alhamdulillahi!” akapiga makofi, akawaita na wa chumba cha pili. “Jamani, huyu mtoto amepata kazi!” Kisha akanisogelea, akashusha sauti. “Ila Alhamisi usiende, baba. Kuna fundi bomba anakuja.”