Kadi Siyo Hii
Shajara ya studio ya picha, Kariakoo, 2004

Jumatatu. Kisoma kadi kipya kimefika kutoka Dubai. Boksi limeandikwa kinasoma aina sita. Mteja wa kwanza kaja na ya saba: xD, kadogo kama stempu, ya Olympus na Fujifilm, iliyotoka 2002. Nikahesabu upya zile sita. CompactFlash na Microdrive zinaingia tundu moja ila zimehesabiwa mbili. Nimemwambia mteja alete waya wa kamera. Waya uko Tabora kwa shemeji yake.

Jumanne. Kaka mmoja kanunua SmartMedia ya megabaiti 128. Kamera yake ya zamani haipokei zaidi ya 8. Kadi hizi za Toshiba hazina kidhibiti ndani. Kila kitu kinategemea kamera, na kamera haijui yaliyozaliwa baada yake. Anasema alinunua kubwa ili asirudi dukani. Karudi.

Jumatano. Umeme hakuna. Kadi zote zimekuwa sawa.

Alhamisi. Picha za harusi, kwenye Memory Stick ya Sony. Mama wa bibi harusi anatazama: ndoa imefungwa, hakuna aliyekula. Kumbe kadi ina pande mbili, megabaiti 128 kila upande, na kiswichi kidogo cha kuhamia wa pili. Nimekisukuma kwa ncha ya kalamu, pilau ikatokea. Hakushukuru. Ameuliza kwa nini nilikuwa nimeificha.

Ijumaa. Kijana kashindilia SD kwenye redio yake ya mfukoni inayotumia MMC. Urefu na upana ni ule ule, lakini MMC ina unene wa milimita 1.4 na SD 2.1. MMC huingia kwa SD, SD haiingii kwa MMC. Nimemweleza yote hayo nikiwa na koleo mkononi. Akasema, "Sasa fundi, ukiongeza nguvu kidogo?"

Jumamosi. Mzee wa ofisi ya jirani, kompyuta yake haina USB. Nimemwazima adapta ya SmartMedia yenye umbo la disketi. Inatumia betri ndogo bapa. Karudi kulalamika kwamba disketi imeishiwa betri. Alipowaambia wenzake hivyo, walimpa kiti akae.

Jioni nimehesabu mapato. Karibu yote ni ya filamu. Kopo la milimita 35 ni lile lile tangu Kodak walitoe 1934. Nimebandika tangazo mlangoni: "Mteja wa dijitali, njoo na kamera, kadi na waya. Mteja wa filamu, njoo na filamu."