Mshale Umelala: Kutoka Tisa Hadi Moja

Landrover yangu ni Series III fupi, ile ya inchi 88, na tangi lake la petroli liko chini ya kiti cha dereva. Maana yake kwa miezi, baada ya kuirithi kwa baba mdogo, nilikuwa nikikalia galoni kumi za petroli bila kujua zimebaki ngapi. Mshale wa geji ulilala upande wa tupu kama mgambo wa zamu ya usiku. Nusu ya Tanga ikanipa ushauri. Ushauri huo nimeupanga hapa, pamoja na niliyojifunza kwa kuchafuka, nikianza na kosa lililo adimu na kushuka hadi lile la kutazamwa kwanza. Watu wengi huanzia juu, na maduka ya spea yanawashukuru.

9. Geji yenyewe imekufa

Kila mtu hulisema hili kwanza. Lakini ndani ya geji za miaka hiyo hakuna maajabu: kibanzi cha metali mbili zilizoshikanishwa, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita waya unapata moto, kibanzi kinapinda, mshale unasogea. Ndiyo sababu ukiwasha swichi mshale hupanda polepole, kama mzee anayeinuka mkekani. Si ugonjwa, ndivyo ulivyozaliwa. Kitu kisicho na gia wala mota hakifi ovyo. Shemeji yangu hakunisikiliza, akaagiza geji mpya kutoka Uingereza. Tukaifunga, nayo ikalala palepale.

"Angalau hii inang'aa," akasema shemeji.

8. Mshale umenasa

Gonga kioo kwa ncha ya kidole. Ukiruka, umepona hadi kesho. Ukigonga kwa spana, sasa una makosa mawili.

7. Fyuzi

Kazi ya dakika mbili. Kama geji imegoma pamoja na vitu vingine vinavyongoja swichi, wipa kwa mfano, anza hapo. Tazama pia kama aliyekutangulia hakuifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Pakiti imeandikwa kwamba ni hatari, naye hakusoma.

6. Kile kiboksi cha nyuma ya dashibodi

Mafundi hukiita stebilaiza, nami nakipenda kwa sababu hudanganya kwa adabu. Kazi yake ni kukata na kuunga umeme, kukata na kuunga, ili geji zipate wastani wa volti 10 tu, betri iwe na 12 au oltaneta iwe inasukuma 14. Geji ya mafuta na geji ya joto zinakula sahani moja hapo. Basi dalili yake ni hii: zote mbili zinakosea pamoja, na zinakosea upande mmoja. Kiboksi kikikosa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini, hakikati tena, umeme wote unapita, na ghafla una petroli tele na injini inayochemka.

Namjua mtu aliyebadilisha thamostati, kofia ya rejeta na pampu ya maji, kisha akatembea kilomita nne na kidumu mkononi, yote kwa skrubu moja ya kiboksi hicho iliyolegea. Injini ilikuwa salama. Aliyechemka ni mwenye gari.

Kukipima ni rahisi. Unga taa ya testa kwenye waya unaotoka: ikikonyeza, kiboksi kinafanya kazi; ikiwaka bila kupepesa, kimeganda; isipowaka kabisa, kimekwenda zake.

5. Waya wa kwenda tangini

Hapa ndipo ukweli hutenganishwa na porojo, na hakuna gharama. Inua mto wa kiti. Utaona floti, yaani kile kifaa kilichofungwa juu ya tangi, chenye mkono na boya mwishoni. Zima swichi, chomoa waya unaotoka kwenye geji, uunganishe na chuma kisafi cha chasi kwa kipande kirefu cha waya, mbali na tangi. Kisha ndipo uwashe swichi. Usifuate mpangilio mwingine, maana cheche na mvuke wa petroli havijawahi kuelewana. Mshale ukianza kupanda kuelekea kujaa, zima haraka. Geji, fyuzi na waya vyote ni vizima, na pole kwa aliyekwisha agiza geji Uingereza. Usipopanda, fuata waya chini ya gari mpaka ukute pale panya alipofuturu.

Ukiuacha waya pale ukaenda kunywa chai, rudi namba 9. Safari hii imekufa kweli.

Angalizo kwa wenye magari ya Marekani: Chevrolet na ndugu zake wa General Motors wanasema kinyume. Kwao waya ukigusa ethi mshale hushuka tupu, na ukichomolewa hupaa kupita kujaa. Usije ukaipima Chevrolet kwa makala haya kisha unitafute.

4. Njia ya floti imelika

Ndani ya floti kuna waya mwembamba uliosokotwa, na kidole cha metali kinateleza juu yake. Boya likiwa juu, umeme unapita kwa urahisi. Likishuka, njia inakuwa ndefu na umeme unabanwa. Katika Landrover kama yangu, mita itakuonyesha omu ishirini hivi tangi likijaa, na zaidi ya mia mbili likiwa tupu. Pale kidole kinapopita kila siku panalika. Mshale unakwenda vizuri, unadondoka ghafla, kisha unafufuka mbele ya safari.

Fundi wangu wa Ngamiani aliigeuza floti yangu mkononi, akaicheka.

"Floti za Wazungu zinalika katikati," akasema. "Zenu zinalika chini. Huko juu hakujawahi kufika mtu."

"Mzee, petroli ghali."

"Nami nimesema floti, sijakusema wewe."

3. Boya limetoboka

Boya la shaba likipata tundu hata la ncha ya sindano, petroli huingia polepole na boya huzama. Hapo hata ujaze tangi mpaka limwagike, mshale utakuambia tupu. Ukilitoa, litikise karibu na sikio. Likicheza kama dafu, jibu umepata.

Tundu lenyewe huwezi kuliona kwa macho. Fundi alichukua sufuria ya maji ya moto, akaitoa nje, mbali kabisa na jiko, akalizamisha boya. Hewa ya ndani ikapata joto, ikatafuta njia, na tukaona uzi wa mapovu madogo ukipanda kutoka pembeni pa mshono. Akapawekea alama kwa msumari. Kisha nikafanya kosa la kumuuliza kama alichomelee palepale.

Alinitazama kwa muda mrefu. Mvuke wa petroli uliofungiwa ndani ya shaba ni bomu la ukubwa wa limau. Boya hukamuliwa kwanza hadi tone la mwisho, likaoshwa, likaachwa wazi likauke kabisa, na hata hapo mwenye akili hununua jipya. Na kama floti yako imefungwa kwa ringi ya kuzungusha badala ya skrubu, igonge kwa kipande cha mti au shaba. Nyundo na patasi ya chuma waachie wanaotaka kuandikwa gazetini.

2. Ethi

Ningeruhusiwa kuandika namba moja tu kuhusu umeme wa magari ya zamani, ningeandika hii na kwenda kulala. Umeme ukishapita kwenye floti lazima urudi nyumbani, na njia yake ni chuma: tangi, boliti, chasi, mkanda wa betri. Kutu kidogo tu katikati, na mshale unalala. Sisi wa pwani kutu tunayo ya kugawa.

Ila kutu si adui pekee. Gari langu liliugua siku mbili baada ya kupendezeshwa. Nilikuwa nimepiga chasi msasa, nikaipaka rangi nyeusi tabaka mbili, nikafunga tangi na raba mpya kila mahali. Lilipendeza hadi jirani akaja kulipigia picha. Na kila nilichokifanya kilikuwa kinafunga mlango wa umeme, kwa kuwa rangi haipitishi, raba haipitishi, na gasketi mpya ya floti nayo ikajiunga na mgomo.

Jaribio lake halina hesabu. Chukua waya, shika upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye bati la floti, na ufanye hivyo swichi ikiwa imezimwa. Washa. Mshale ukiamka baada ya miezi ya usingizi, huna haja ya geji, wala boya, wala shemeji. Kwangura rangi chini ya skrubu moja mpaka chuma kicheke, funga waya wa kudumu hadi kwenye chasi, paka grisi kidogo juu yake.

Fundi alinitoza bei ya soda mbili. Moja aliinywa yeye.

1. Mafuta hayamo

Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitembea dunia nzima hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila geji kabisa. Injini ikikohoa, dereva aliigeuza koki ya akiba kwa mguu, akaanza kutafuta sheli. Hakuwa na mshale wa kumshuku.

Mimi ninao. Wiki mbili baada ya ethi kupona, tulikuwa njiani kwenda Pangani, mimi na shemeji. Mshale ulianza kushuka kabla hatujatoka mjini.

"Imeanza tena," nikasema.

"Hiyo geji ndivyo ilivyo," akasema shemeji, mtaalamu.

Kabla ya Kigombe, katikati ya mashamba ya mkonge, gari likakohoa mara mbili likanyamaza. Nikainua mto wa kiti. Nikakwangura ethi iliyokuwa safi. Nikapima waya. Nikafungua skrubu za floti moja baada ya nyingine, nikaitoa, nikatikisa boya sikioni kama nilivyofundishwa. Kimya. Shemeji alishikilia skrubu kiganjani, akidondosha moja kila baada ya dakika kumi.

Akapita kijana na baiskeli iliyobeba makuti. Akasimama, akatazama tundu lililo wazi juu ya tangi, akatutazama sisi. Akachomoa chelewa moja kwenye mzigo wake, akaitumbukiza mpaka ikagonga chini, akaitoa na kuipitisha kati ya vidole viwili. Kavu.

"Mjomba," akaniambia, "geji unayo. Ulitaka ikuandikie na barua?"