Maktaba ya Jikoni

Wanaodai binti wa chuo apunguziwe kazi za nyumbani anapoandika tasnifu hawaitakii mema elimu. Jikoni ndiko mapitio ya maandiko yanakoiva. Makala ya kurasa 30 husomeka vizuri zaidi maharage yakitokota, maana moshi humzuia mtu asisinzie. Na hoja iliyokatizwa na "Mwanangu, hebu mletee mjomba wako maji ya kunawa" hurudi ikiwa imekomaa. Ikirudi. Kufua nako ni uchambuzi wa data: nyeupe huku, za rangi kule.

Karl Marx alikuwa akisomea katika maktaba ya British Museum, London, na nyumbani kwake palikuwa na mtumishi. Matokeo? Juzuu ya kwanza ya Das Kapital ilitoka 1867; mbili zilizofuata zikatolewa na rafiki yake Engels, Marx mwenyewe keshafariki. Angeachiwa sufuria ya makande, angemaliza zote tatu.

Kaka mtu, naye mwaka wa tatu, amenyimwa fursa hii. Yuko chumbani na feni, chai anapelekewa, na wadogo wameonywa wasipige kelele. Maskini, sijui tasnifu yake itasimamaje.